Kurudi jana bila kuibadili

Katika mkahawa mmoja wa chini ya ardhi jijini Tokyo kuna kiti ambacho ukikikalia, ukamiminiwa kahawa, utarudi siku yoyote ya nyuma uitakayo. Habari hizo zilipoenea mjini watu walikuja kwa foleni, kisha wakatawanyika wenyewe bila kufukuzwa na mtu. Kilichowaondoa ni sharti moja: fanya lolote uwezalo huko uendako, ukirudi utaikuta leo yako vilevile ulivyoiacha. Aliyekufa amekufa, aliyeondoka ameondoka. Sasa ya nini kwenda?

Swali hilo ndilo linaloibeba riwaya fupi ya Toshikazu Kawaguchi, Kōhī ga Samenai Uchi ni, yaani kabla kahawa haijapoa. Ilitoka Japani Desemba 2015, ikauza zaidi ya nakala milioni 1 nchini humo, ikatengenezewa filamu mwaka 2018, na mwaka uliofuata tafsiri ya Kiingereza ya Geoffrey Trousselot ikaifikisha kwetu sisi tusiojua Kijapani. Kurasa zake ni 200 na kidogo. Nimeisikia ikisifiwa kwa kuwaliza watu, na nimeisikia ikidharauliwa kwa sababu hiyohiyo. Wanaosifu na wanaodharau wote wanayaona machozi, lakini hawaulizi yametoka wapi. Kwa maoni yangu yametoka kwenye lile sharti. Kawaguchi amewanyima wahusika wake uwezo wa kurekebisha lolote, na baada ya kuwanyima hilo ndipo inapoonekana mtu anayetamani kurudi nyuma huwa anatamani nini hasa. Anataka kulisikia neno ambalo hakuambiwa, au kulisema lile ambalo lilimkwama kooni.

Masharti mengine yako mengi, na yana ukorofi wake. Utaonana tu na mtu ambaye naye aliwahi kuingia katika mkahawa huo. Kiti ni kimoja, nacho kina mwenyewe: mwanamke wa nguo nyeupe anayesoma kitabu kutwa nzima, ambaye ni mzuka, na huinuka mara moja tu kwa siku kwenda msalani. Ukijaribu kumwondoa kwa nguvu atakulaani. Fumiko, mteja wa hadithi ya kwanza, alijaribu, na mwili wake ukalemewa kana kwamba amebebeshwa mzigo, hadi mhudumu Kazu alipomkaribisha yule mwanamke aongezewe kahawa. Ukishafika zamani usinyanyuke kitini. Ukinyanyuka umerudishwa papo hapo. Na kahawa lazima uimalize kabla haijapoa. Ukichelewa, wewe ndiye utakayebaki kitini milele. Yule wa nguo nyeupe alikwenda kumwona marehemu mumewe, akakisahau kikombe.

Hicho kikombe kinastahili kutazamwa kwa makini. Mkahawa una saa tatu kubwa ukutani, kila moja na wakati wake, na ni ya katikati pekee inayosema kweli. Msafiri hana la kutegemea ila kiganja chake. Mwandishi hakuweka dakika, naye amefanya vizuri, kwa maana kahawa haipoi kwa mwendo mmoja. Joto hushuka kwa kasi mwanzoni, likiwa bado kali, kisha mwendo unalegea kadiri linavyokaribia joto la chumba. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya ziara ndiyo ndefu na ndiyo ya hatari: kikombe ni vuguvugu, mkono unasema bado, mazungumzo yamenoga, na kwa kawaida hakuna kengele ya kukuambia kwamba vuguvugu limeshakuwa baridi. Sijasoma hadithi nyingine ya kusafiri katika wakati ambayo kipimo chake kinashikika mkononi namna hii. Hata ladha ina kazi yake. Nagare, mwenye mkahawa, hakubali kahawa nyingine ila moka ya buni za Ethiopia, yenye harufu yake ya pekee na ukali ambao si kila mteja anaupenda. Anayetaka kukimbia kurudi leo lazima aumeze ukali huo wote.

Ukijua Kawaguchi alikotoka, masharti haya yanaeleweka zaidi. Kabla ya kuandika riwaya alikuwa mtunzi na mwongozaji wa tamthilia, na kisa hiki kilianza kama mchezo wa jukwaani uliopata tuzo kuu katika tamasha la michezo ya kuigiza la Suginami, mojawapo ya kata za Tokyo. Jukwaa dogo lina chumba kimoja, mlango wa kuingilia, mlango wa msalani, meza chache, na waigizaji ambao huwezi kuwapeleka Hokkaido, kisiwa cha mbali kaskazini, na kuwarudisha. Ndiyo maana msafiri hanyanyuki. Ndiyo maana anayetafutwa lazima awe aliwahi kupita mlango uleule. Umaskini wa jukwaa umegeuzwa sheria ya ulimwengu, na sheria hiyo ikawa na maana kubwa kuliko ilivyokusudiwa, maana hata sisi watu tunaotamani kuonana nao tena huwa tunawakumbuka wakiwa mahali fulani: jikoni, kwenye benchi la hospitali, kituo cha basi.

Wajapani walikuwa na hadithi za wakati muda mrefu kabla ya hii. Kisa cha Urashima Taro kimo katika maandishi ya karne ya 8: mvuvi anafika kasri la chini ya bahari, anakaa kwa raha muda anaoudhani mfupi, na akirudi kijijini anakuta zimepita karne na hakuna anayemjua. Amepewa kisanduku na kukatazwa kukifungua. Anakifungua, na uzee wote unamjia kwa mara moja. Kikombe cha Kawaguchi ni ndugu wa kisanduku kile, kitu kidogo chenye miiko ambacho ndani yake umefungwa umri wa mtu. Nchi za Magharibi zilichukua njia nyingine. Msafiri wa H. G. Wells, mwaka 1895, aliunda mtambo. Katika hadithi fupi ya Ray Bradbury ya mwaka 1952, mwindaji anayerudi enzi za dinosaria anamkanyaga kipepeo, na akirudi kwao anakuta hata matokeo ya uchaguzi yamegeuka. Hofu na tamaa ya hadithi hizo ni moja, kwamba jana inaweza kuguswa. Kawaguchi amelifunga dirisha hilo kabisa, kwa hiyo msomaji hapotezi muda kukisia nini kitaharibika. Anabaki na watu wawili na meza.

Hadithi ya pili ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi uwezo wa kitabu hiki. Kohtake ni muuguzi. Mumewe, Fusagi, alikuwa mtunza bustani, na sasa ana ugonjwa wa Alzheimer uliomwanza mapema kuliko kawaida. Kila siku anakuja mkahawani na jarida la utalii, analikunjua mezani, anaandika maelezo ya mahali alikowahi kwenda kufanya kazi. Anasubiri kiti. Anataka kurudi nyuma ampe mkewe barua ambayo hakuwahi kumpa. Mkewe huyo anakuja kumchukua jioni, na ipo siku anafika, anamwamkua, na mumewe anamtazama kama anavyotazamwa mgeni. Ameshamsahau. Kohtake alikuwa ameshajiandaa kwa siku hiyo. Alikwisha kuwaomba wenye mkahawa wamwite kwa jina lake la kabla ya ndoa, ili mume asichanganyikiwe, na alikwisha kujiambia kwamba yeye ni muuguzi, wagonjwa anawajua, ataweza.

Anapopata habari za barua, anakaa kitini yeye. Anarudi kwa mume ambaye bado anamtambua, anaipokea, anarudi nayo. Ndani yake Fusagi ameandika kwamba anajua anaugua, na anajua mkewe ni muuguzi. Anaogopa siku moja mke atamtunza kama mgonjwa wa wodini. Hataki hilo. Kama maisha naye yatakuwa magumu kwa mke, basi amwache. Lakini hadi mwisho anataka wawe mume na mke, wala mke asikae kwa kumwonea huruma.

Tazama kilichobadilika. Ugonjwa uko palepale. Mume hamjui mkewe asubuhi wala jioni. Barua yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa zamani, safari haikuizalisha. Ila mpango aliokuwa amejijengea Kohtake, ule wa kujificha nyuma ya sare yake, umevunjika. Anaomba aitwe tena kwa jina la mumewe. Anaacha kuwa muuguzi nyumbani kwake. Anayemuuguza mzazi au mwenzi ataelewa mara moja uzito wa jambo hili, kwa sababu uuguzi wa muda mrefu una kawaida ya kula udugu: siku moja unashtuka kwamba wiki nzima hujazungumza na mama yako lolote ila dawa, chakula na choo. Fusagi aliliona hilo likija akiwa bado na akili zake, akalitolea onyo. Hapa sharti la mwandishi linafanya kazi yake yote. Kama safari ingeweza kumponya Fusagi, barua ingekuwa karatasi tu.

Hadithi ya Fumiko na mpenzi wake aliyehamia Marekani kikazi ni nyepesi. Inatumika kutufundisha masharti, basi. Ya tatu ni nzito. Hirai ana baa karibu na mkahawa. Ni dada mkubwa aliyekataa kurithi nyumba ya wageni ya wazazi wake huko Sendai, na wazazi wakamkana. Mdogo wake, Kumi, aliendelea kufunga safari hadi Tokyo kumbembeleza arudi nyumbani. Mara ya mwisho Hirai alijificha nyuma ya kaunta hadi mdogo wake akaondoka. Njiani, Kumi akafa kwa ajali ya gari. Majuto ni mjukuu, na ya Hirai yana sura ya kitu kimoja tu, kule kujibanza chini ya kaunta.

Hirai naye anaamua kurudi nyuma kuonana na mdogo wake. Kabla hajaondoka, Kazu anamtilia ndani ya kikombe kijiti kidogo mfano wa kijiko cha kukorogea. Kitapiga mlio kahawa itakapokaribia kupoa. Fumiko hakupewa kijiti. Anapewa anayekwenda kuonana na marehemu, kwa sababu mtu huyo anajua kwamba akinywa funda la mwisho hawataonana tena, na kujua huko kunamfanya mkono usiinue kikombe. Huo mlio ndio ninaouona kuwa ubunifu mkubwa kuliko yote kitabuni. Mwandishi amekiri kwamba mbele ya mtu tuliyempoteza hakuna anayeaminika, hata awe na nia njema namna gani, na akamwekea mkono wa kumvuta. Huko zamani Hirai anaambiwa na Kumi kwamba ndoto yake ilikuwa kuiendesha ile nyumba wakiwa pamoja, dada na mdogo wake. Miaka yote alidhani mdogo wake anamlaumu kwa kumtupia mzigo. Anarudi, anafunga baa, anakwenda Sendai.

Sioni jinsi msomaji wa Kijapani wa mwaka 2015 angelisoma jina la Sendai bila kukumbuka tarehe 11 Machi 2011. Jiji hilo ndilo kubwa kuliko yote katika eneo lililopigwa na tetemeko na tsunami, maafa yaliyoua karibu watu 16,000 na kuwaacha wengine zaidi ya 2,500 wasipatikane. Kaskazini zaidi kwenye pwani hiyo uko mji wa Otsuchi uliopoteza watu zaidi ya 1,200. Mwaka 2010 mkazi mmoja wa huko, Itaru Sasaki, alikuwa ameweka kibanda cheupe cha simu katika bustani yake. Ndani kuna simu nyeusi ya kuzungusha namba, isiyounganishwa na waya wowote. Alikiweka azungumze na binamu yake aliyefariki. Baada ya tsunami akakifungua kwa yeyote, na maelfu wamefika kuinua kile kipokea sauti na kuwaambia waliochukuliwa na maji habari za nyumbani. Simu ya upepo, ndivyo inavyoitwa. Mtu anasafiri saa nyingi kwenda kwenye simu anayojua haipigi popote, na anatoka amelia, na anasema imemsaidia. Anayekiona kiti cha Kawaguchi kuwa ni ndoto ya mwandishi wa mijini akitazame kwanza kibanda hiki. Haja ya kuzungumza na aliyekufa ipo hata pale ambapo kila mtu anajua kwamba hakuna kitakachobadilika. Tofauti ni kwamba kitini Hirai anajibiwa, na katika kile kibanda hakuna anayejibu.

Kasoro zipo, na si ndogo. Masharti yanarudiwa katika kila sura kana kwamba msomaji ameingia ukumbini amechelewa. Wahusika wanahisi jambo, kisha msimulizi anatueleza kwamba wanahisi jambo hilo. Jukwaani mwigizaji angeyafanya hayo kwa bega lake tu. Kitabuni yanakuwa maelezo ya ziada yanayochosha, na mahali pengine yanaua kilio kilichokuwa kinakuja chenyewe.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba mkahawa huu hauna historia. Tunaambiwa ulifunguliwa mwaka 1874. Mkahawa wa kwanza unaojulikana katika Tokyo halisi, Kahiichakan wa mtaa wa Ueno, ulifunguliwa mwaka 1888, kwa hiyo huu wa Kawaguchi umeutangulia kwa miaka 14, nami hilo namsamehe kwa furaha. Lakini tangu 1874 Tokyo imeteketea mara mbili: kwa tetemeko na moto wa mwaka 1923, na kwa mabomu ya Machi 1945 yaliyoua watu wapatao 100,000 katika usiku mmoja. Kiti kinachoweza kumpeleka mtu siku yoyote kimekaa katikati ya jiji hilo, na safari zote nne za kitabu ni za mambo ya nyumbani: mpenzi, mume, mdogo wa mtu, mtoto. Huzuni hapa ni ya mtu binafsi tu. Anayesoma fasihi ya Kiswahili atakumbuka riwaya ya Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambamo marehemu ndiye anayemfuata aliye hai, naye anakuja kumdai, kumwonyesha nchi ilivyofanywa na watu wa aina yake. Wafu wa Kawaguchi hawamdai mtu kitu. Wanasamehe upesi, wanatabasamu, wanamhimiza msafiri anywe kahawa. Ni faraja, na Japani ya miaka hii ina soko kubwa la vitabu vya faraja vya mikahawa, paka na maduka ya vitabu. Lakini msomaji ana haki ya kuuliza ni nani ambaye hangesamehe, na kwa nini hakuwahi kukaa kwenye meza ile.

Halafu kuna hili: wasafiri wote wanne ni wanawake. Fumiko anaambiwa amsubiri mwanamume miaka mitatu. Kohtake anarudi kumtunza mume asiyemjua. Hirai anarudi kwenye kazi ya familia aliyoikimbia. Kei, mke wa Nagare, mwenye moyo dhaifu, anabeba mimba ambayo daktari amemwonya itamgharimu. Kila mmoja anatoka kitini akiwa amekubali mzigo, na kitabu kinaita kukubali huko amani. Katika kitabu cha pili cha mfululizo huu wasafiri wanne ni wanaume, na inawezekana mwandishi aliliona pengo. Hata hivyo ukikisoma hiki cha kwanza peke yake, picha inayobaki ni ya kwamba mwanamke akisikilizwa vizuri kwa muda wa kikombe kimoja atarudi nyumbani kuhudumu. Naamini uamuzi wa Kohtake, kwa sababu barua ilimpa ruhusa ya kuondoka kabla ya kumwomba abaki. Wa Hirai nauamini nusu. Wa Kei unanipa tabu.

Kei hasafiri kwenda nyuma. Anakwenda mbele, kwa maana kiti kinaweza hata hilo, aonane na mtoto ambaye hatakuwepo kumlea. Alipanga miaka 10. Kwa kosa anafika miaka 15, na hapo mkahawani anamkuta msichana ambaye mwanzoni hamjui ni nani. Nagare yuko Hokkaido, na ni kwa simu tu ndipo kosa linapoelezwa, kahawa ikizidi kupoa. Ni tukio lililojengwa kwa ustadi: mama amekaa mbele ya mwanawe, muda unamponyoka, na hajui. Ila hapohapo Kawaguchi amelilegeza sharti lake mwenyewe. Wale watatu wa kwanza walirudi na maneno. Kei anarudi na habari: mtoto atazaliwa salama, atakua, atakuwa mzuri, na atamshukuru kwa kumpa uhai. Mama mjamzito aliyeonywa na daktari hawezi kupata uhakika mkubwa zaidi ya huo, na kwa uhakika huo uamuzi wake unaacha kuwa uamuzi. Umekuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mwandishi aliyekuwa na ujasiri wa kumnyima Hirai mdogo wake alipaswa kuwa na ujasiri wa kumnyima Kei jibu hili. Ningeyafuta maneno ya shukrani ya yule msichana yote, nikaacha zile dakika ambazo mama na mwana wanatazamana bila kufahamiana, na Kei arudi kujifungua akiwa anajua tu kwamba alimwona.